Bunduki ya Upepo Ina Msimamizi, ya Risasi Haina

Mwaka 2001, katika jimbo la Illinois, mvulana wa miaka 13 aliichukua bastola ya baba yake, aliyekuwa askari magereza. Ilikuwa Beretta. Akachomoa magazini, lile kasha la risasi linaloingia ndani ya mpini. Kwa akili yake, na kwa akili ya watu wazima wengi tu, bastola iliyochomolewa magazini ni bastola tupu. Akamwelekezea rafiki yake kwa mchezo, akavuta triga. Risasi moja ilikuwa imebaki kwenye chemba, pale nyuma ya mtutu, ambapo hata ukichomoa magazini mara kumi huitoi. Rafiki yake akafa.

Mwaka huohuo Tume ya Usalama wa Bidhaa za Walaji ya Marekani, CPSC, ilifungua shauri dhidi ya kampuni ya Daisy, inayotengeneza bunduki za upepo, zile za kurushia gololi ndogo za chuma. Tume ilidai kwamba gololi hukwama ndani, mtoto anatikisa, anasikia kimya, anadhani zimekwisha, anamwelekezea mwenzake. Ilitaja vifo visivyopungua 15 na ikataka bunduki milioni 7.5 zirudishwe. Kampuni ilikana, na mwaka 2003 pande mbili zikamalizana: Daisy ikakubali kugharamia maonyo na elimu kwa wanunuzi.

Kosa lililodaiwa ni moja: bunduki inayodanganya kuwa ni tupu. Kwa ile ya gololi, serikali kuu ilituma wanasheria. Kwa ile ya risasi, tume hiyohiyo haikuwa na ruhusa hata ya kuandika barua ya kuagiza chochote. Ukielewa kwa nini, umeelewa sehemu ya mjadala wa bunduki ambayo haipewi nafasi kwenye taarifa ya habari.

Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi huutazama mjadala huu kwa jicho la kibali. Kwetu bunduki huanzia hapo: unaomba, unachunguzwa, unapewa au unanyimwa. Kwa hiyo tunapowasikia Wamarekani wakivutana tunauliza nani aruhusiwe na nani azuiwe, na kweli kelele nyingi ziko hapo: Marekebisho ya Pili ya Katiba (yale ya haki ya kumiliki silaha), ukaguzi wa historia ya mnunuzi, bunduki za mtindo wa kijeshi. Lakini kuna swali la pili, lenye sura ya duka la vyombo kuliko ya uwanja wa vita. Bunduki ni bidhaa. Imetoka kiwandani, ina springi, pini na vyuma vya kuteleza, na chochote kilichotengenezwa na mtu kinaweza kutengenezwa vibaya. Nani anaipima?

CPSC iliundwa kwa sheria ya mwaka 1972. Ifikirie kama ndugu wa mbali wa TBS au KEBS, ila haigongi muhuri wa ubora kabla bidhaa haijaingia sokoni kama tulivyozoea. Huweka viwango vya usalama, hukusanya taarifa za walioumia, na ikibidi hulazimisha kiwanda kuita bidhaa zake zirudi, zitengenezwe au mnunuzi arudishiwe fedha. Kitanda cha mtoto, tosta, ngazi, kiberiti cha gesi, mwanasesere: yenyewe husema inasimamia aina zaidi ya 15,000 za bidhaa.

Sasa tazama jinsi bunduki ilivyotolewa humo, maana kuna ufundi wa kisheria wa kupendeza. Katika kueleza bidhaa ya mlaji ni ipi, sheria inaorodhesha vilivyotengwa. Neno la Kiingereza la bunduki hulioni likitajwa waziwazi pale. Unaona tu kwamba kimetengwa kitu chochote ambacho mtengenezaji wake, akikiuza, hutozwa ushuru chini ya kifungu cha 4181 cha sheria ya kodi. Ukienda kwenye kifungu hicho ndipo unakuta: bastola asilimia 10, bunduki nyingine na risasi asilimia 11. Ni ushuru ambao tangu sheria ya mwaka 1937 umekuwa ukipelekwa kwenye uhifadhi wa wanyamapori. Msomaji wa haraka anapita bila kugundua kwamba amepita juu ya bidhaa yenye mamia ya mamilioni ya vipande majumbani mwa watu.

Watetezi wa kipengele hicho husema bunduki si peke yake iliyotengwa, na wanasema kweli. Magari yametengwa, ndege zimetengwa, dawa, vyakula, viuatilifu, maboti. Tofauti ni kwamba kila kimoja kilitolewa kwa sababu kilikuwa na mwenyewe. Magari yana mamlaka ya usalama barabarani, ndege zina mamlaka ya anga, dawa na chakula viko kwa FDA, mamlaka ya chakula na dawa, maboti yako kwa walinzi wa pwani. Tumbaku ndiyo ilibaki yatima pamoja na bunduki kwa miaka mingi, hadi mwaka 2009 ilipowekwa chini ya FDA. Bunduki ikabaki peke yake.

Anayetajwa zaidi katika habari ya kipengele hiki ni John Dingell, mbunge wa Michigan, Mdemokrati, mwindaji hodari, na wakati huo mjumbe wa bodi ya Chama cha Bunduki cha Taifa, NRA. Wanaodhani mgawanyiko wa bunduki Marekani siku zote umekuwa Wademokrati huku na Warepublican kule wamkumbuke yeye. Michigan ni jimbo la misitu na swala, na pia la viwanda vya magari. Mbunge wa pale alijua barabara maana ya kukaguliwa na Washington.

Hofu yake ilikuwa kwamba tume ya kupima vyombo vya jikoni ingegeuzwa kuwa mlango wa nyuma wa kupiga marufuku bunduki. Ni rahisi kumcheka, ila lililotokea baadaye linampa haki kidogo. Mwaka 1974 kikundi cha Chicago kilichokuwa kikipinga bastola kiliipelekea CPSC ombi. Hakikuomba bastola zipimwe kama zikidondoka zinafyatuka. Kiliomba risasi za bastola zitangazwe kuwa kitu cha hatari chini ya sheria nyingine, ile ya vitu hatarishi, zisiuzwe tena kwa raia. Hesabu yao ilikuwa nyepesi: bunduki imetengwa, haya, tuzuie chakula chake. Tume ikakataa, mahakama ya shirikisho ikasema tume ilikuwa na wajibu wa kulisikiliza ombi, na Bunge likapigwa na mshtuko. Mwaka 1976 likapitisha katazo la wazi: CPSC isitoe amri yoyote inayobana utengenezaji au uuzaji wa bunduki, risasi wala baruti yake.

Kwangu mimi fundo la mjadala huu lilikazwa pale, kati ya 1974 na 1976. Waliobisha hodi wa kwanza kwenye ofisi ya usalama wa bidhaa walibisha wakitaka marufuku. Tangu hapo, mtu akisema "bastola ipimwe kama pasi inavyopimwa," upande wa pili husikia "bastola ichukuliwe." Hawajazua. Wanakumbuka.

Hapa mtu atauliza: si kuna ATF, idara ya pombe, tumbaku, silaha na vilipuzi? Ipo, na ina kazi nyingi. Inatoa leseni kwa watengenezaji na wauzaji, inasimamia namba za bunduki, inafuatilia bunduki iliyokutwa kwenye tukio la uhalifu hadi kwa mnunuzi wa kwanza. Ila soma sheria zake, kuanzia ile ya mwaka 1968, utakuta zinauliza nani anauza, nani ananunua, kitu kimepita wapi. Haziulizi kama kitu chenyewe ni kizima. ATF haina uwezo wa kukiambia kiwanda: triga yako ina kasoro, ita bunduki zako zirudi.

Lipo jambo moja ambapo umbo la bastola huangaliwa, nalo ni la ajabu. Sheria ya 1968 ilitaka silaha zinazoingizwa kutoka nje ziwe zinafaa kwa michezo, na kwa bastola ikaundwa karatasi ya alama: urefu, uzito, vizuizi vya usalama, kila kimoja na alama zake. Isiyofikisha haiingii. Ya ndani ya nchi haifanyiwi mtihani huo. Unaweza kutabiri kilichofuata. Vibastola vya bei ya kutupa vilivyokuwa vikitoka Ulaya vikazuiwa bandarini, na viwanda vya kusini mwa California vikaanza kuvitengeneza palepale, kwa aloi ya zinki, kwa bei ya viatu vya mtumba. Serikali ilikuwa imevilinda viwanda hivyo dhidi ya washindani bila kukusudia.

Kimojawapo, Bryco, kilikuwa na modeli ambayo ukitaka kutoa risasi iliyo kwenye chemba ni lazima kwanza uondoe kizuizi cha usalama. Rudia sentensi hiyo polepole. Ili kuifanya bastola iwe salama, unaianza kwa kuifanya iwe tayari kufyatuka. Mwaka 1994 mtoto wa miaka 7 huko California alipigwa risasi kidevuni na mtu aliyekuwa akijaribu kuitoa risasi, akapooza kuanzia shingoni. Mwaka 2003 baraza la mahakama, yaani raia wanaoteuliwa kuamua kesi, lilitoa hukumu ya takriban dola milioni 51. Kampuni ikafilisika. Mali zake zikapigwa mnada, na aliyezinunua ni aliyekuwa msimamizi wa kiwanda chake, akaendelea kutengeneza bastola kwa jina jipya.

Mtu asidhani hili ni la vibastola vya mafukara tu. Remington 700 ni bunduki ya heshima, kipenzi cha wawindaji, imeuzwa kwa mamilioni tangu 1962. Ndani ya triga yake kulikuwa na kipande kidogo cha chuma kisichofungwa popote, kinachokaa kwa kusukumwa na springi. Kikikaa sawa, triga ni laini kama siagi, na wapigaji shabaha waliipenda kwa sababu hiyo. Uchafu, kutu au mafuta yaliyoganda vikijipenyeza, kipande hakirudi mahali pake, na bunduki inaweza kulipuka pindi unapoondoa kizuizi, kidole kikiwa mbali. Mhandisi aliyeibuni triga hiyo aliwaonya wakubwa wake mwishoni mwa miaka ya 1940, akapendekeza marekebisho ya gharama ya senti tano na nusu kwa bunduki. Hayakufanywa. Kumbukumbu ya kikao cha kampuni cha mwaka 1979, iliyokuja kutolewa mahakamani, inaonyesha hesabu yao: wangelazimika kuita bunduki milioni 2 ili kuzipata 20,000 zenye tatizo. Wakaamua zisiitwe.

Na modeli za hadi 1982 zilikuwa na ugonjwa uleule wa Bryco: huwezi kuifungua ili utoe risasi mpaka uondoe kizuizi. Mwaka 2000 huko Montana familia ilikuwa imetoka kuwinda. Mama akaondoa kizuizi ili aitoe risasi. Bunduki ikalipuka, risasi ikapenya tela la farasi, ikamkuta mwanawe wa miaka 9 upande wa pili. Mama alisema kidole chake hakikuwa kwenye triga. Kampuni siku zote ilikana kwamba triga ina kasoro, hata ilipokubali mwaka 2014, katika kumaliza kesi ya pamoja, kubadilisha triga za bunduki zipatazo milioni 7.5 bila malipo. Fikiria hilo: kwa gari, mamlaka ingetoa amri, ikatangaza, ikafuatilia. Kwa bunduki, lilitangazwa na mawakili, na waliojitokeza kudai walipokuwa wakihesabiwa mbele ya jaji hawakufika hata asilimia 1.

Neno lenyewe la kuita bidhaa irudi hupendwa kukwepwa. Mwaka 2017 picha za video zilionyesha bastola ya SIG Sauer P320, ndugu wa ile iliyochaguliwa na jeshi mwaka huohuo, ikifyatuka yenyewe inapodondoka kwa pembe fulani. Kampuni ikatangaza "uboreshaji wa hiari" wa bure, na ikasisitiza kwamba bastola yake inatimiza viwango vya Marekani. Haikuwa ikidanganya. Kwa nchi nzima, viwango vya kudondosha vilivyopo ni vya chama cha watengenezaji wenyewe, vya hiari. Mwaka 2024 mabaraza mawili ya mahakama, Georgia na Philadelphia, yaliwapa ushindi watu waliosema P320 ziliwafyatukia bila wao kukusudia. Kampuni bado inakana kwamba bastola inaweza kufyatuka pasipo triga kuvutwa.

Kwa hiyo msimamizi halisi wa bunduki Marekani, kwa nusu karne sasa, ni wakili wa mlalamikaji. Wanaopinga usimamizi wa serikali husema huyo anatosha: kiwanda kikiogopa kulipa milioni 51 kitajirekebisha chenyewe. Ningekubali nusu yake. Tatizo ni kwamba wakili huja baada ya maziko, nyaraka nyingi hufungwa kwa siri pande zikipatana, na tangu 2005 mlango wake wenyewe umepunguzwa. Mwaka huo Bunge lilipitisha sheria ya kuikinga sekta ya silaha dhidi ya kesi zinazotokana na matumizi ya kihalifu ya bunduki. Iliacha nafasi kwa bidhaa zenye kasoro, lakini kwa sharti: kama bunduki ilifyatuka kwa tendo la makusudi ambalo ni kosa la jinai, basi tendo hilo ndilo litakalohesabiwa kuwa chanzo pekee cha madhara.

Turudi kwa yule mvulana wa Illinois. Familia ya marehemu ilimshtaki mtengenezaji, ikisema bastola ilipaswa kuwekewa kifaa kinachoifunga magazini ikichomolewa. Kifaa hicho si cha ajabu. Browning Hi-Power ilikuwa nacho mwaka 1935. Mahakama ya Juu ya Illinois mwaka 2009 ikaamua kwamba kesi haiwezi kuendelea. Mvulana alikuwa amepatikana na hatia katika mahakama ya watoto. Kuvuta triga lilikuwa tendo lake, tendo lilikuwa kosa la jinai, kwa hiyo ndilo chanzo pekee. Mtoto aliyeamini bastola ni tupu akahesabiwa ndiye sababu yote, na ubunifu wa bastola ukatoka kwenye mizani.

Haki ya upande wa pili lazima isemwe, tena ina uzito. Kile kifaa cha kuifunga bastola isiyo na magazini, askari wengi hawakitaki: katikati ya mapambano, wakati unabadilisha magazini, ile risasi moja iliyobaki ndiyo uhai wako. Usalama wa nani, basi? Wa mtoto sebuleni au wa askari uchochoroni? Kwa tosta hakuna swali kama hilo, maana hakuna mtu anayenunua tosta ili imuunguze mwingine. CPSC hupima kama hatari ya bidhaa imepitiliza ukilinganisha na manufaa yake, na kwa bunduki hayo manufaa ndiyo hasa Wamarekani hawakubaliani. Kwa mmoja ni ulinzi na haki ya kikatiba. Kwa mwingine ni nambari kwenye takwimu za vifo. Mpe mtumishi wa serikali mizani hiyo, na kila upande utataka kujua kwanza alimpigia nani kura.

Takwimu nazo zina usumbufu wake. Mwaka 2021 waliokufa kwa bunduki Marekani walikuwa 48,830. Waliojiua ni 26,328. Waliouawa ni 20,958. Waliokufa kwa ajali ni 549. Mpinzani wa usimamizi atakuonyesha mstari wa mwisho, kiasi cha asilimia 1 tu, akuulize kelele zote hizi ni za nini. Triga iliyotengenezwa vizuri haimzuii muuaji wala haimfariji aliyekata tamaa. Ni hoja ya kweli, na mtu anayekuambia kwamba CPSC ikipewa bunduki vifo vitayeyuka anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Ila 549 ni watu, na wengi zaidi hubaki na majeraha. Ofisi ya uhasibu ya Bunge ilichunguza vifo vya ajali mwaka 1991 ikakadiria kwamba vitu viwili tu, kizuizi asichoweza mtoto mdogo na alama inayoonyesha kwamba kuna risasi kwenye chemba, vingeepusha asilimia 31. Hivyo vyote ni ufundi wa zamani. Smith & Wesson iliuza katika miaka ya 1880 bastola yenye kibao nyuma ya mpini ambacho lazima kibanwe kwa kiganja ndipo ifyatuke, ikijivunia kwamba mkono wa mtoto hauwezi. Zaidi ya miaka 100 baadaye hakuna sheria ya shirikisho inayotaka bastola iwe na lolote kati ya hayo.

Kuna dhihaka nyingine ndani ya takwimu. Kwa miaka mingi majeraha ya bunduki yasiyoua yalihesabiwa kwa kutumia mtandao wa hospitali uliojengwa na CPSC yenyewe. Wenzao wa kituo cha kudhibiti magonjwa, CDC, walichota humo. Tume ilijua waliopelekwa hospitalini wameumia vipi. Kuchukua hatua ndiko kumefungwa. Na CDC nayo iliwahi kufinywa: mwaka 1996 Bunge lilikata kwenye bajeti yake dola milioni 2.6, kiasi kilekile ilichokuwa ikitumia kuchunguza majeraha ya bunduki, na kwa zaidi ya miaka 20 watafiti wake wakaliogopa somo hilo. Fedha maalumu zilirudi kwenye bajeti ya 2020.

Yapo majimbo yaliyojaribu kufanya kazi ambayo Washington imeikataa. Massachusetts ilitumia mamlaka ya mwanasheria mkuu wake wa kulinda walaji, mahakama ya juu ya jimbo ikaridhia mwaka 1999. California ilitunga sheria: bastola mpya ifyatue risasi 600 bila kukwama kupita kiasi, idondoshwe kutoka kimo cha kama mita moja kwenye sakafu ngumu bila kufyatuka, ndipo iingizwe kwenye orodha ya zinazoruhusiwa kuuzwa. Hadi hapo ni akili tupu, kupima kitu kabla ya kukiuza.

Kisha California ikazidisha chumvi. Iliongeza sharti kwamba bastola mpya ya kujipakia igonge alama ndogo sana kwenye ganda la risasi ili polisi waweze kuifuatilia. Ni msaada kwa upelelezi, hauhusiani na usalama wa aliyeishika, na hakuna kiwanda kilicholitimiza. Kuanzia 2013 hadi 2023 orodha haikupokea modeli mpya za aina hiyo. Wakazi wakabaki kununua za zamani, nyingi zikiwa hazina alama ya chemba wala kifaa cha magazini, kwa jina la sheria ya usalama, huku polisi wakiruhusiwa kununua zile mpya. Mwaka 2023 jaji wa shirikisho alizuia sharti hilo, kwa msingi wa hukumu ya Mahakama ya Juu ya 2022 inayotaka kila sheria ya bunduki iwe na mizizi katika historia ya nchi. Ukitaka kujua kwa nini mwenye bunduki huko Texas hamwamini mtu anayesema "ni viwango tu vya ubora," anza na orodha ya California.

Soko nalo likijaribu kujisimamia huadhibiwa na wateja wake. Mwezi Machi 2000 Smith & Wesson ilikubaliana na serikali ya Clinton kuweka kufuli kwenye bastola zake na masharti kwa wauzaji wake. NRA ikaiita kujisalimisha, wanunuzi wakaisusa, mauzo yakaporomoka. Wamiliki wake Waingereza, waliokuwa wameinunua 1987 kwa zaidi ya dola milioni 110, wakaiuza mwaka uliofuata kwa milioni 15 na madeni juu yake. Mnunuzi alikuwa kampuni changa ya kutengeneza kufuli za bunduki.

Kufuli, tukiwa hapohapo, ziko chini ya CPSC. Sheria imetenga bunduki na risasi, haikutenga vinavyoizunguka. Tume ilipojaribu aina 32 za kufuli za triga na za mtutu, 30 zilifunguka bila ufunguo, nyingine kwa kugongwagongwa tu. Mwaka 2001 kufuli 400,000 zilizogawiwa bure na chama cha sekta hiyo zikaitwa zirudi.

John Dingell alijiuzulu bodi ya NRA mwaka 1994, akaendelea bungeni hadi mwanzo wa 2015. Kiti chake kilichukuliwa na mkewe, Debbie Dingell, naye akawa miongoni mwa wabunge waliodhamini muswada wa kuiruhusu CPSC kuita bunduki zenye kasoro zirudi, yaani kulegeza kile alichokifunga mumewe. Haujapita.

Mwezi Oktoba 2023 tume ilitangaza kurudishwa kwa makasha 61,000 ya kuhifadhia bunduki, ya chapa ya Fortress, yanayofunguliwa kwa alama ya kidole. Mengine yalikuwa yakifunguka kwa kidole cha mtu yeyote, na kesi moja ilihusu kifo cha mvulana wa miaka 12. Tangazo liliwataka wenye makasha waache mara moja kutumia alama ya kidole, watoe betri, watumie ufunguo, wapewe kasha jingine bure. Lilitaja modeli, maduka yaliyouza, miaka na bei. Kama mojawapo ya bastola zilizokuwa ndani ya makasha hayo hufyatuka ikidondoka, tume haikuwa na mamlaka ya kumwagiza aliyeitengeneza airudishe.